Vihisi 40 vya kiwanda cha chai bila laini 40 za simu

Ndugu, umeuliza namna ya kuunganisha vihisi 40 vya joto, unyevu na kina cha maji bila kulipia bando ya kila kimoja mwezi hadi mwezi. Mimi ningechagua LoRaWAN, yaani mtandao wa redio wa vihisi unaotumia umeme kidogo na kufika mbali. Kihisi hakihitaji laini. Kinatuma kwa redio hadi kwenye kipokezi, na kipokezi hicho peke yake ndicho kinachounganishwa na intaneti. Kipokezi kimoja kinahudumia mamia ya vihisi.

Penye uwazi mawimbi hufika kilomita kadhaa. Zege na mabati huyapunguza sana, kwa hiyo weka antena juu ya paa, kisha ujaribu na vihisi viwili vitatu kwenye vyumba vya ndani kabisa kabla hujanunua vyote. Tafadhali usiruke hatua hii.

Redio hii hubeba ujumbe wa makumi ya baiti tu. Kipimo cha kila dakika 15 kinatosha na betri itadumu miaka. Lakini swichi ya kuzima mashine kwa dharura iache kwenye waya!

Seva ya kukusanya vipimo kutoka kwenye kipokezi ningeiweka kiwandani kwako, ili usitegemee kampuni nyingine: ChirpStack, programu ya seva ya LoRaWAN, ni huria na haina ada. Sigfox, kampuni iliyouza huduma ya mtandao wake wa vihisi, iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama Ufaransa mnamo Januari 2022, na wateja wakabaki na wasiwasi.

Kuhusu masafa ya redio, Ulaya hutumia megahezi 868 na Marekani 915. Iulize mamlaka ya mawasiliano ni masafa yapi yanaruhusiwa kwenu kabla ya kulipia mzigo.