Bluu kwa bluu, mbona wametoka weusi na weupe?

SWALI: Habari mtaalam. Nina jogoo mmoja wa bluu na matetea wawili wa bluu, nilinunua wote sehemu moja nikaambiwa ni damu safi. Nimetotolesha, wametoka vifaranga 12: watano bluu, wanne weusi na watatu weupe wa uchafu uchafu hivi. Je, nimepigwa au kuna jogoo mwingine ameruka ukuta? Na nifanyeje nipate bluu tupu?

JIBU: Hujapigwa ndugu yangu, tena umepata karibu kabisa na hesabu inavyotaka.

Iko hivi, bluu ya kuku (ambayo kusema kweli ni kijivu cha moshi) sio rangi inayojitegemea, ni nyeusi iliyozimuliwa, kama wino ukiutia maji. Kuna jeni (chembe ya urithi) moja inafanya kazi hiyo ya kuzimua, na kila kuku ana nafasi mbili za jeni hiyo, moja katoka nayo kwa baba na nyingine kwa mama. Asipokuwa nayo kabisa anabaki mweusi, akiwa nayo moja anakuwa bluu, akiwa nazo mbili wino unazimuliwa mpaka anakuwa mweupe mwenye madoa ya bluu yaliyotapakaa, huyo wafugaji wanamwita splashi. Sasa ona, kila bluu ana moja tu, kwa io nusu ya watoto wake anawapa na nusu hawapi, ukikutanisha bluu wawili unapata kwa wastani robo weusi, nusu bluu, robo splashi. Kwa vifaranga 12 ni 3, 6 na 3, wewe umepata 4, 5 na 3, unataka nini tena? Hii ilishaelezwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Waingereza William Bateson na Reginald Punnett kupitia kuku wa Andalusian, lakini mpaka leo watu wanagombana na wauzaji kwa sababu yake.

Kuhusu jogoo wa kuruka ukuta, wasiwasi wako una msingi maana tetea anaweza kutunza mbegu za jogoo wiki mbili hadi tatu baada ya kutenganishwa naye, ndo maana ukinunua tetea aliyekuwa na majogoo wengine mi nashauri usitotoleshe mayai ya wiki tatu za kwanza. Ila hapa hao weupe watatu ndo mashahidi wako, splashi lazima apewe jeni na pande zote mbili, jogoo mweusi hana cha kutoa. Kwa hao weusi siwezi kuapa ila idadi yao haishangazi. Na usishtuke wakiwa na tumbo jeupe na ncha za mbawa nyeupe, kifaranga mweusi huzaliwa hivo, subiri abadilishe manyoya.

Sasa bluu tupu. Acha kukutanisha bluu na bluu, chukua splashi umpandishe na mweusi, watoto WOTE wanatoka bluu, asilimia 100. Jogoo akiwa splashi au tetea akiwa splashi haijalishi, jeni hii haifuati jinsia (sio kama ile ya mistari mistari ya kuku wa Plymouth Rock, ambayo tetea anawapa watoto wa kiume tu). Ndo maana huwa naumia mtu akichinja splashi eti wameharibika, hao ndo kiwanda chenyewe. Ila usikutanishe kaka na dada wa uzao huo mmoja, tafuta mweusi wa mbegu hiyo hiyo kutoka banda lingine.

Angalizo, kuna weupe na weupe. Kuku mweupe pee asiye na hata doa sio splashi, mweupe wake ni jeni nyingine na chini yake anaweza kuwa ameficha rangi yoyote, ukimtumia utapata maajabu. Pia kuna lavenda, watu wanaiuza kama bluu. Lavenda imepauka sawasawa mwili mzima wakati bluu mara nyingi ana shingo iliyokoza, hasa jogoo, na manyoya yenye ukingo mweusi mweusi. Lavenda kwa lavenda inatoa lavenda tupu, lakini mpandishe na mweusi safi watoto wote wanatoka weusi, hapo ndo unajua uliuziwa nini.

Kitu kingine, ukirudia bluu kwa bluu au bluu kwa splashi vizazi vingi rangi inafifia na ule ukingo unapotea, dawa yake ni kurudisha mweusi. Kwa io hao wanne usiwauze wote, wakikua watoe juani, yule anayemeremeta kijani ndo wa kubaki naye.