Soli zilizobanduka: kabla ya kununua gundi, chungulia ndani kwanza

Mkuu, umeuliza imekuwaje mabuti yako ya kupandia milima, ya miaka saba, uliyoyavaa kama mara kumi tu na kuyatunza kabatini, yaachame soli zote mbili siku moja, na kama gundi ya kawaida itayarudisha njiani. Uchungu wako naujua, yalinikuta hayo hayo. Nitajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu lile jibu la "paka gundi, bana, lala" ulilopewa linaweza kukuokoa au likakuacha peku mlimani. Inategemea jambo moja ambalo hukulisema: ni nini hasa kilichoachana na nini?

Chukua kiatu kimoja, fungua huo mdomo, uchungulie ndani kwenye mwanga mzuri. Ukikuta pande zote mbili ni ngumu na nzima, zina utando mwembamba wa gundi ya zamani unaong'aa, na ukikwaruza kwa ukucha hakuna kinachomeguka, basi gundi ndiyo iliyochoka. Hilo linatengenezeka, tena vizuri. Lakini ukikuta unga, chembechembe kama za sifongo kuukuu, au utelezi unaonata vidoleni, gundi haina kosa. Kilichokufa ni soli ya kati, lile tabaka lililo baina ya mpira wa chini na sehemu ya juu ya kiatu. Hakikisha kwa kubonyeza ubavuni kwa kidole gumba. Nyufa zikitokea, au kidole kikiacha shimo lisilorudi, usipoteze gundi yako. Utakuwa unagandisha mpira kwenye vumbi.

Soli ya kati ya mabuti mengi mazito hutengenezwa kwa poliyurethani, aina ya povu la plastiki. Inabeba uzito bila kulala haraka, yaani kubonyea na kubaki bapa, ndiyo maana inapendwa. Adui yake ni unyevu. Mvuke wa maji ulio hewani hupenya ndani na kukata minyororo ya molekuli zake kidogo kidogo, jambo ambalo wanakemia huliita haidrolisisi, na joto huharakisha kazi hiyo. Mara nyingi inachukua miaka 5 hadi 10, na hesabu inaanza siku kiatu kilipotengenezwa, hata kama wewe umekinunua majuzi. Kiatu kilichokaa rafuni miaka mitatu kimekufikia kikiwa kimekwisha kula umri huo.

Linalowauma wengi ni kwamba kukivaa kunakisaidia. Kila hatua soli inabonyea na kuachia, na unyevu unasukumwa nje. Kabati lenye joto, mfuko wa plastiki uliofungwa, buti la gari juani: hizo ndizo sehemu zinazoziua soli hizi kimyakimya. Kwa hiyo hukuyatesa mabuti yako, mkuu. Uliyapumzisha mno.

Viatu vyepesi vya kutembelea vijiani mara nyingi vina soli ya kati ya EVA, povu jingine la plastiki, jepesi zaidi. Hiyo haiozi kwa unyevu namna ile, ila hulala ikapoteza mdundo. Vikibanduka, kwa kawaida ni gundi.

Jozi yangu ya kwanza ilikufa siku ya pili ya safari ya siku nne, kwenye mteremko wa mawe. Nilihisi kisigino cha kulia kinateleza, nikadhani nimebeba tope. Kugeuka nyuma nikaona kipande cheusi cha soli kimelala njiani. Haikupita saa moja, cha kushoto nacho kikafuata. Kambini mwenzangu alikuwa na supaglu, tukapaka. Ilishika hatua chache tu kisha ikapasuka kama kioo, maana supaglu ikikauka inakuwa ngumu, na kiatu kinajikunja kila unaponyanyua mguu. Teipu nayo, hata ile ngumu ya kitambaa, mawe yaliila chini ya unyayo kabla ya adhuhuri.

Kilichonifikisha chini ni kamba nyembamba ya nailoni. Siri ni mahali pa kuipitisha: mzunguko mmoja chini ya tao la unyayo, mbele kidogo ya kisigino, pale ambapo soli haigusi ardhi, kisha unaikaza juu pamoja na kamba za kiatu. Mzunguko wa mbele uulaze kwenye mfereji kati ya meno ya soli ili mawe yasiufikie. Nilitembea hivyo siku mbili, polepole, nikikaza upya kila tulipopumzika. Tangu hapo sipandi bila mita tatu za kamba hiyo.

Jozi ya pili ilibanduka kwenye ncha tu, na ndani palikuwa safi. Hiyo niliitengeneza mwenyewe, na soli haikubanduka tena. Kazi yote iko kwenye maandalizi. Nilifungua mdomo hadi mahali gundi ilipokuwa bado imeshika kwa nguvu, nikaosha matope kwa brashi ya meno, nikaacha ikauke siku mbili nzima. Hapa usiwe na haraka, maji yakibaki ndani umefanya kazi bure. Kisha msasa mkavu, pande zote mbili, mpaka ule mng'ao wa gundi ya zamani uishe na uso uwe na mikwaruzo. Nikafuta vumbi kwa kitambaa chenye spiriti, nikasubiri ikauke.

Gundi niliyotumia ni ile ya mafundi viatu, inayopakwa pande zote mbili. Wengi hukosea hapa: wanapaka nyingi na kugandisha ikiwa mbichi. Paka tabaka jembamba, ngozi na kitambaa vikiinywa ongeza la pili, halafu subiri kama dakika 10 hadi 15, au kama kopo linavyosema, mpaka ukigusa isikufuate kidoleni. Ukishagandisha huwezi kusogeza, kwa hiyo lenga vizuri tangu mwanzo. Gonga kwa nyundo kutoka katikati kwenda pembeni ili hewa itoke. Jaza karatasi ndani ya kiatu kisijikunje, kisha kizungushie ukanda wa tyubu ya baiskeli uliouvuta kwa nguvu. Tyubu inafuata umbo la kiatu, koleo la kubania linabana sehemu moja tu. Mimi niliacha saa 48. Na fanyia nje au madirishani, mvuke wa gundi hiyo unapanda kichwani.

Kama ukingo wa soli umepanda juu na kukumbatia ubavu wa kiatu, fundi mwenye msharasi na uzi wa nailoni uliopakwa nta anaweza kushona kuzunguka juu ya gundi. Ila mashimo hayo hupitisha maji, kwa hiyo yapakwe gundi baada ya kushona.

Na kama ni soli ya kati iliyokufa? Inauma zaidi kwa sababu mpira wa chini mara nyingi bado una meno makali. Mpira wa namna hiyo ulibuniwa na Mwitaliano Vitale Bramani, baada ya wenzake sita kufa milimani mwaka 1935. Mwaka 1937 akaupatia hataza, na Vibram, jina la chapa ya soli hizo, limetoka kwenye jina lake. Ni mpira wa kuaminika, ila hauwezi kushika palipogeuka unga. Kama sehemu ya juu ni ngozi nzima, hasa kama kiatu kimeshonwa ukingoni, mpelekee fundi anayebadilisha soli yote pamoja na ile ya kati. Kama ni kitambaa kilichochoka na kuchanika, mimi nisingekitengeneza. Kifundo cha mguu wako ni ghali kuliko kiatu.

Usikaushie motoni mabuti utakayoyaokoa. Moto unalainisha gundi na kupasua ngozi. Toa soli ya ndani, jaza karatasi, weka penye upepo.

Weka picha ya ndani ya huo mdomo, viatu vyote viwili, karibu kabisa. Kama ni unga tutauona.