Ukipangiwa meli inayokwenda kukatwa

Mdogo wangu, iko siku wakala atakupigia simu akwambie kuna meli, mkataba mfupi, wiki tano au sita, pesa afadhali kidogo kuliko kawaida. Muulize inakwenda wapi. Akijibu Alang kule India, Chittagong kule Bangladesh au Gadani kule Pakistan, ujue hiyo inakwenda kukatwa ikauzwe chuma chakavu. Mimi nimezipeleka tatu za namna hiyo nikiwa fundi wa injini, na ninayokuandikia hapa ni yale ambayo chuoni hawakunifundisha, kwa sababu chuoni tunafundishwa kuitunza meli inayoishi.

Nianze na Uganda, meli ambayo babu yangu aliyekuwa hamali Kilindini hakuchoka kuitaja. Ilikuwa ya kampuni ya British India, ikajengwa Glasgow kwenye karakana ya Barclay Curle na kushushwa majini Januari 1952. Tani 14,430, rafadha mbili, turbini za mvuke. Yeye na pacha wake Kenya walikuwa wakitoka London, wakipita Suez na Aden, wakishuka Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam hadi Beira. Ndege zilipowanyang'anya abiria, Kenya ikapelekwa La Spezia, Italia, ikakatwa mwaka 1969. Uganda ilibahatika: ilipelekwa Hamburg, ikabadilishwa kuwa meli ya kusafirisha wanafunzi kwa ziara za masomo. Aprili 1982 ilikuwa Mediterania imejaa watoto wa shule pale serikali ya Uingereza ilipoichukua kwa ajili ya vita vya Falkland. Watoto wakateremshwa Naples, meli ikaenda Gibraltar, na kwa siku chache tu ikawa hospitali yenye kiwanja cha helikopta shetrini, yaani nyuma. Ilitibu majeruhi zaidi ya 700, Waingereza na Waajentina.

Sasa tazama mwisho wake. Mwaka 1985 kazi zikaisha, ikafungwa mto Fal kule Cornwall. Mei 1986 ikaondoka kwa jina jipya, Triton, na Julai ikafika Kaohsiung, Taiwan, ambako wakati ule ndiko meli nyingi za dunia zilikokatwa. Ikawekwa kungoja zamu yake. Tarehe 22 Agosti kimbunga Wayne kikaipiga Taiwan. Uganda ikakatika kamba, ikasukumwa ufukweni, ikalala ubavu. Ilibaki hivyo miaka, mabaki yake yakaja kukatwa mwaka 1992.

Kila nikisoma habari hiyo nafikiria jambo moja. Meli iliyozimwa boila haiwezi kujitetea. Haiwezi kung'oa nanga ikakimbilia bahari kuu, haiwezi hata kusaidia kamba zake kwa kusukuma na injini. Lakini upepo haujui kwamba wewe umeshauzwa. Bahari inakuhesabu meli mpaka siku utakapokuwa vipande. Hilo ndilo watu wanalosahau kwenye safari ya mwisho: wenye mali wameshakata tamaa nayo, mabaharia wanaiga, na meli nzima inaanza kuachwa ikiwa bado iko majini na watu ndani.

Utayaona hayo siku ya kwanza. Stoo ya vipuri itakuwa tupu, kwa sababu vimeshauzwa au kuhamishiwa meli nyingine. Meli yangu ya kwanza tulitoka hivyo, msimu wa kusi, Bahari ya Arabuni imechafuka, na siku ya sita pampu ya maji ya kupozea injini ikaanza kulia. Beringi imekufa. Stoo hakuna. Tulizima injini, tukayumba ubavu kwa mawimbi saa nne nzima tukifungua pampu ya balasti, yale maji ya kuipa meli uzito, ili tuchukue beringi yake. Mikono ilikuwa inatetemeka, na si kwa baridi. Tangu hapo, nikipanda meli ya kwenda kukatwa, jambo la kwanza siku hiyohiyo ni kupita na daftari: pampu ya moto inawaka? Jenereta ya dharura inashika? Mashua za kuokolea zinateremka kweli, au zimepakwa rangi tu? Fanya hivyo meli ikiwa bado gatini. Ukishang'oa nanga, maswali hayo hayana wa kumuuliza.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Meli hizi hubadilishwa jina na bendera dakika za mwisho, mara nyingi Komoro, Palau au St Kitts, kwa hiyo hakikisha mkataba wako unataja jina na bendera unayoiona shetrini. Tiketi ya kurudi iandikwe kwenye mkataba. Usikubali "tutaona tukifika".

Hatari inayoua watu kimyakimya ni matangi. Tangi lililofungwa muda mrefu lina kutu, na kutu hula oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 20.9. Kipimo kikionyesha pungufu ya hapo, usiingie, hata kama mwenzako ameanguka chini na unamwona. Najua ni neno gumu. Wengi waliokufa matangini walikuwa wanamfuata mwenzao. Toa king'ora, leta mitungi ya hewa, ndipo mtu aingie. Kuna na gesi ya mafuta: mwezi uleule wa Agosti 1986, hukohuko Kaohsiung, meli ya mafuta iitwayo Canari ililipuka ikiwa inakatwa, ikaua watu 16. Masalia ya mafuta unayoyaacha wewe ndiyo yanayokutana na moto wa mkataji. Yule mkataji ni kijana kama wewe, ametoka kijijini, na hana njia ya kujua kilichomo nyuma ya bamba isipokuwa wewe umemwandikia.

Ndiyo maana nasisitiza orodha ya vitu vya sumu. Mkataba wa Hong Kong wa 2009, ule wa kimataifa kuhusu kukata meli kwa usalama, ulioanza kutumika 26 Juni 2025, unaidai orodha hiyo kwa meli zote za kimataifa kuanzia tani 500. Lakini orodha ya ofisini mara nyingi haijui mabomba yaliyofungwa upya baharini. Wewe unajua. Meli za enzi ya Uganda zilijazwa asbestosi kwenye mabomba ya mvuke na kuta. Ile France ya 1962, iliyokuja kuitwa Norway, iligombaniwa kwa sababu hiyo hadi Mahakama ya Juu ya India ikaamua mwaka 2007 kwamba ikatwe Alang. Chukua rangi, weka alama kwenye kila bomba unalolitilia shaka. Vumbi lile likiingia kifuani halitoki, na ugonjwa huja baada ya miaka mingi.

Siku ya kupandisha meli ufukweni utaikumbuka maisha. Alang hungoja maji ya bamvua, mwezi mpevu au mwandamo. Balasti hutolewa ili meli iwe nyepesi na omo, yaani mbele yake, iinuke, kisha nahodha anaomba mwendo wote. Chini kwenye injini huoni kitu. Utahisi kwa nyayo kwanza: mtetemo unabadilika, unakuwa mzito, halafu meli inakaa kama mzee anavyokaa mkekani, taratibu, kwa uzito wake wote. Hapo macho yawe kwenye kipimajoto, maana maji ya kupozea yanavutwa na tope. Hamishia mapema kwenye vali ya juu ya maji ya bahari, na anayesimama kwenye jenereta ajue njia yake ya kutoka hata taa zikizimika.

Kwenye meli yangu ya tatu, amri ya kusimamisha injini ilipokuja, fundi mkuu alichukua kitambaa mfukoni akapangusa kioo cha kipimo cha mafuta, kioo ambacho hakuna atakayekisoma tena. Akanipa kitabu cha injini. Niliandika saa, mizunguko sifuri, joto la maji nyuzi 88. Jenereta ikakohoa ikanyamaza. Tukapanda ngazi kwa tochi, mimi mbele na yeye nyuma ya wote, akihesabu watu kwa sauti.