Blogu ya kilimo: wasomaji kwanza, hela baadaye

Ndugu, umeuliza ufanyeje blogu yako ya kilimo ipate wasomaji na ikulipe. Acha kwanza kumwaga linki kwenye magrupu ya WhatsApp. Wanaobofya hapo hawarudi. Fungua Google Search Console, ni bure, uone maneno ambayo watu waliyatafuta kabla ya kufika kwako. Mkulima haandiki "magonjwa ya mazao". Anaandika "kwa nini majani ya nyanya yanajikunja". Basi hicho ndicho kiwe kichwa cha makala, na aya ya kwanza ijibu papo hapo: mara nyingi ni virusi vinavyosambazwa na inzi weupe. Weka picha ya jani uliyopiga mwenyewe, na uipunguze ukubwa, maana wengi wanasoma kwa simu na bando dogo.

Kuhusu hela, AdSense, huduma ya Google ya kuweka matangazo kwenye blogu, hailipi mpaka ufikishe dola 100, na kwa blogu changa hapo ni mbali sana. Mimi ningeanza na maduka ya pembejeo ya mkoani kwako: tangazo la mwezi, malipo kwa M-Pesa. Ukiwa Tanzania na unaandika habari, ulizia leseni mapema TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo.