Kwa wewe unayeanza kuandika programu za MPI

Wageni wa kazi hii huniuliza swali lile lile: kuna haja gani ya kujifunza MPI, kiwango cha michakato ya programu kutumiana ujumbe kilichotoka mwaka 1994, wakati nguvu ya kompyuta kuu sasa iko kwenye GPU, vichakata vya michoro vinavyofanya hesabu nyingi kwa pamoja? Jibu langu ni kwamba ujifunze, tena kwa bidii, ila usijifunze kama tulivyojifunza sisi.

Sisi tulihesabu viini, yaani sehemu za prosesa zinazokokotoa. Mashine ina viini elfu moja, basi unaanzisha michakato elfu moja, kila mmoja na kumbukumbu yake, na michakato hiyo inatumiana ujumbe. Mtindo huo ulitufikisha mbali. Sasa itazame Fugaku, kompyuta kuu ya Japani: nodi 158,976, yaani kompyuta moja moja zinazoiunda, na kila nodi ina viini 48 vya kukokotoa. Ukiweka mchakato mmoja kwa kila kiini, unapata michakato zaidi ya milioni saba na nusu. Halafu chukua safu moja tu ya namba ndani ya programu yako, ile inayoweka namba ya baiti nane kwa kila mchakato mwenzako ili ujue atakuletea kiasi gani. Kwa michakato elfu moja, hizo ni kilobaiti nane. Kwa michakato milioni saba na nusu ni megabaiti 60, na kwa kuwa michakato 48 inaishi kwenye nodi moja, jumla inakaribia gigabaiti 3. Nodi nzima ina gigabaiti 32. Karibu sehemu moja ya kumi ya kumbukumbu imekwisha kabla hujakokotoa chochote.

Ndiyo maana nakwambia uzoee mapema kuweka michakato michache kwenye nodi, mmoja kwa kila GPU kwa mfano, na kuacha nyuzi za OpenMP, njia ya kugawa kazi ya mchakato mmoja kwa viini vinavyoshiriki kumbukumbu, zifanye kazi ya ndani. Na kila unapoandika safu ambayo urefu wake ni idadi ya michakato yote, simama ujiulize kama kweli mchakato huu unahitaji kuwafahamu wenzake wote. Mara nyingi unahitaji majirani sita tu, wale wanaopakana na kipande chako cha kazi.

Somo lililonigharimu zaidi lilikuwa la kusubiri. Programu yangu ya kwanza ya maana iligawa gridi katika vipande, na kila mchakato ulimpelekea jirani kingo za kipande chake: wote waliita MPI_Send ya kutuma, kisha wote wakaita MPI_Recv ya kupokea. Ilifanya kazi wiki nyingi. Siku nilipokuza gridi, ikaganda. Hakuna kosa lililoandikwa, hakuna matokeo, muda wa mashine unaisha. Nilimaliza siku tatu nikitafuta tatizo kwenye hesabu zangu, na hesabu hazikuwa na kasoro. Ujumbe mdogo maktaba ya MPI huusukuma upesi na kuuhifadhi pembeni, kwa hiyo MPI_Send inarudi. Ujumbe mkubwa husubiri mpokeaji awe tayari, na kwangu kila mmoja alikuwa anapeleka, hakuna aliyekuwa anapokea. Kiwango kinaruhusu tabia zote mbili, kwa hiyo programu ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Kipimo chake ni rahisi, na natamani mtu angeniambia siku ya kwanza: badilisha kila MPI_Send kuwa MPI_Ssend, ambayo siku zote humsubiri mpokeaji aanze kupokea, kisha endesha programu kwa michakato minne. Ikiganda, umelikamata kosa likiwa bado dogo. Baada ya hapo tumia MPI_Sendrecv, inayotuma na kupokea kwa pamoja, au fungua mapokezi mapema kwa MPI_Irecv, tuma kwa MPI_Isend, zote mbili zikirudi bila kusubiri, kokotoa sehemu ya ndani ambayo haihitaji kingo, ndipo usubiri. Usiamini tu kwamba ujumbe unasafiri wakati unakokotoa. Kuna maktaba ambazo hazisogezi kitu mpaka uziite tena. Pima.

Kusubiri huko huko ndiko kunakoumiza operesheni za pamoja kama MPI_Allreduce, inayokusanya namba za michakato yote na kuirudishia kila mmoja jibu, maana wote wanakwenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Mwaka 2003 watafiti wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walichunguza mashine ya ASCI Q yenye prosesa 8,192 na kukuta kazi ndogo ndogo za mfumo endeshi, ambazo kwenye nodi moja hazionekani, zikila karibu nusu ya kasi ya programu yao. Punguza idadi ya miito hiyo kabla ya kuhangaika na kitu kingine.

Kuhusu kuharibika kwa nodi: kwa kawaida kosa la mchakato mmoja huangusha kazi yote. Pendekezo la kuwezesha waliobaki kuendelea limejadiliwa miaka mingi, na toleo la 5.0 la MPI, la mwaka 2025, limetoka bila hilo. Hifadhi hali ya kazi mwenyewe. Kanuni ya Young ya mwaka 1974 bado inatosha: zidisha mbili kwa muda wa kuhifadhi kwa wastani wa muda kati ya hitilafu, kisha tafuta kipeuo cha pili; huo ndio muda wa kukaa kati ya kuhifadhi na kuhifadhi. Kuhifadhi kukichukua dakika 5 na hitilafu ikija kila saa 10, hifadhi kila baada ya dakika 77 hivi.

Ninakoona kazi kubwa iliyobaki ni kati ya GPU na ujumbe. Kwenye Frontier ya Marekani, mashine ya kwanza ya orodha ya Top500, orodha ya kompyuta kuu zenye kasi zaidi duniani, kuvuka operesheni bilioni bilioni kwa sekunde, mwaka 2022, kila nodi ina prosesa moja na GPU nne, na sehemu kubwa mno ya kasi inatoka kwenye GPU. Ila katika programu nyingi GPU ikimaliza hukaa bure, ikingoja prosesa itambue hivyo na kuita MPI. Toleo la 4.0 la MPI, la mwaka 2021, lilileta ujumbe unaotumwa kwa vipande, kila kipande kikiondoka kinapokuwa tayari, na hiyo ni hatua nzuri. Kumwachia GPU yenyewe aanzishe ujumbe bila kumngoja mtu bado hakujaingia kwenye kiwango. Ukitaka mahali pa kuweka miaka yako mitano ijayo, anzia hapo.