Diploma ya urubani na leseni ni vitu viwili, kiwanja kisiuzwe kwanza

SWALI: Habari za kazi. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni Kirumba, Mwanza. Mtoto wa marehemu kaka yangu kamaliza form six PGM, kafaulu vizuri, na toka mdogo yeye ni ndege tu maana tulikuwa tunakaa Ilemela jirani na eapoti. Sasa kuna wakala katuletea makaratasi ya chuo cha Australia, diploma ya urubani ya wanafunzi wa kimataifa, anasema dogo akimaliza anarudi rubani kamili. Kikao cha ukoo kimeshapitisha tuuze kiwanja cha Nyegezi, na wakala anataka ada yote kwa mkupuo ndani ya wiki 2. Mnatushaurije?
Baba Mdogo, Kirumba

JIBU: Shikamoo baba mdogo. Kiwanja kisiguswe kwanza.

Diploma ni cheti cha elimu, ila kinachomruhusu mtu kurusha ndege kwa malipo ni leseni, na hiyo inatolewa na mamlaka ya anga ya nchi, Australia ni CASA, hapa kwetu ni TCAA. Sasa kwa nini wageni wanapewa diploma? Kule chuo hakiruhusiwi kupokea mwanafunzi wa viza ya masomo mpaka kozi iwe kwenye rejista ya serikali inayoitwa CRICOS, kwa hiyo vyuo vikayafungasha mafunzo ya kurusha humo ndani ya diploma, wala siyo utapeli. Jina la chuo na la kozi litafuteni wenyewe humo kwenye CRICOS, iko wazi mtandaoni.

Halafu mbaneni wakala kwenye masaa. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya biashara ni masaa 200 ya kuruka, au 150 kama ni kozi moja iliyoidhinishwa na kufuatwa mfululizo, sasa je hiyo ada inayalipia yote? Mwanafunzi akihitaji masaa ya ziada kabla ya mtihani nani analipa? Mafunzo ya ndege ya injini mbili yamo, na ya kuruka ndani ya mawingu kwa kutegemea vipimo vya kwenye dashibodi? Kama hayamo hela mtaitafuta tena, na hapo kiwanja kimeshaenda. Ada lipeni kwa awamu, kila hatua anayomaliza, maana chuo kikifunga katikati ya kozi kuirudisha ile ya mkupuo inaweza kuwa kazi.

Pia andikeni barua TCAA mapema muulize leseni ya CASA inabadilishwaje kuwa ya Tanzania na dogo atarudia mitihani gani. Akirudi bado atakuwa na ya kujifunza, eapoti yetu iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mchana wa jua kali hewa inakuwa nyepesi na kindege kidogo kinapanda kwa kujivuta kama guta la Mabatini, na zile radi za usiku za ziwani mnazijua nyie wa Mwaloni kuliko mimi.

Lakini kabla ya yote hayo mpelekeni kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA apimwe afya daraja la 1, lile la marubani wa kulipwa, macho, masikio, moyo. Namjua kijana mmoja wa huku huku kanda ya ziwa, ada ilishalipwa nusu ndo akagundulika hatofautishi rangi vizuri, nyekundu na kijani kwake ni shida. Wakala akiwapigia kwamba wiki 2 zinaisha, mjibuni daktari bado hajamaliza.