Harusi ni Desemba, na nywele zinarudi nyuma

DIRISHA LA DAWA
Anayejibu ni mfamasia mstaafu wa Mwanza: miaka 31 dirishani, na kipara cha muda mrefu kuliko hiyo.

Shikamoo mzee. Nina miaka 27, nafanya biashara ya dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Tangu nikiwa na 23 nywele za mbele zinarudi nyuma pande zote mbili, na nikilowa ngozi ya utosini inaonekana. Baba ana nywele zake zote mpaka leo, wenye vipara ni wajomba zangu wawili. Kazini kila mtu ana lake. Mmoja anasema homoni za kiume zimenizidi, mwingine maji ya ziwa, mwingine kofia. Kinyozi wangu ananipaka piko kuficha. Sasa kuna mtu ananiuzia mafuta ya kopo kwa elfu arobaini, anasema siku 21 nywele zinaota. Harusi yangu ni Desemba, imebaki miezi sita. Nifanyeje?
Muuza Dagaa, Kirumba

Marahaba mwanangu. Hiyo elfu arobaini irudishe mfukoni, tutaifikia.

Safari ijayo nenda kwa kinyozi mchana, kabla hajagusa piko, umwombe akushikie kioo cha pili kwa nyuma. Angalia zile pembe mbili za paji. Ukiona nywele nene zimechanganyika na vinywele vifupi, laini kama vya mtoto mchanga, huo ndio upara wa kurithi. Hauwashi, hauna magamba, na hauanzii kisogoni. Ungekuwa na duara lenye magamba, ningekwambia ni fangasi, dawa yake ni nyingine kabisa. Nywele kupukutika kichwa kizima miezi miwili au mitatu baada ya homa kali ni jambo la kupita, huota zenyewe. Na zikitoka mabaka mabaka kama nguo iliyoliwa na nondo, nenda kapime kaswende, usione haya. Wewe, kwa ulivyoeleza, uko kwenye lile la kwanza.

Sasa homoni. Mwili wa mwanamume una testosteroni, homoni ya kiume. Kuna kimeng'enya, kichocheo cha mwilini, kinachogeuza sehemu yake kuwa homoni kali zaidi, kirefu chake kinachosha ulimi, wataalamu huiita DHT. Hiyo DHT ikifika kwenye shina la unywele lililozaliwa na wepesi wa kuisikia, inafupisha msimu wa unywele kukua. Umeyaona majaruba ya mpunga wa Usukumani? Fikiria mvua inapungua wiki mbili kila mwaka. Mwaka wa kwanza unavuna kidogo pungufu, wa tano mpunga unaishia magotini, wa kumi ni nyasi tu. Unywele wa kawaida hukua miaka miwili mpaka sita kabla ya kupumzika na kudondoka. Wako wa utosini kila ukizaliwa upya unapewa muda mfupi zaidi, na shina lenyewe linasinyaa.

Kwa hiyo aliyekwambia homoni zimekuzidi amekosea. Kipimo cha damu cha wenye vipara wengi ni sawasawa na cha wenye nywele. Tofauti iko kwenye shina. Damu hiyohiyo inapita kisogoni na juu ya masikio, na huko nywele hazina habari. Kichekesho ni kwamba DHT hiyohiyo ndiyo inayoziotesha ndevu zako.

Mmarekani mmoja, James Hamilton, aliandika habari hii mwaka 1942. Alichunguza matowashi, wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe, akakuta hawapati upara. Walipopewa testosteroni, waliotoka kwenye koo zenye vipara ndio walioanza kuota vipara, wengine wala. Vitu viwili vikutane: homoni na urithi. Urithi wenyewe huja kwa pande zote mbili, ila kipande chake kimoja chenye nguvu kiko kwenye kromosomu ya X, fungu la urithi ambalo mwanamume hulipata kwa mama. Ndiyo maana unafanana na wajomba. Maji ya ziwa hayamo. Kofia haimo.

Dawa zenye ushahidi mkubwa zaidi ni mbili. Ya kwanza ni minoksidili, ilianza kama kidonge cha presha, wagonjwa wakaota nywele mpaka mashavuni, ndipo ikatengenezwa ya kupaka. Ile ya asilimia 5 unapaka mililita moja asubuhi na jioni kwenye ngozi kavu ya kichwa, halafu unanawa mikono. Kwa kazi yako ya jua na jasho, oga kwanza, jikaushe, ndipo upake. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, na wengi hapo ndipo wanapotupa chupa. Matokeo huanza kuonekana baada ya miezi minne mpaka sita ya kupaka. Yaani ukianza leo, siku ya harusi utakuwa ndio kwanza unaona vinyweleo. Na ukiiacha, ulichopata kinaondoka ndani ya miezi michache. Moyo ukienda mbio au miguu ikivimba, acha, muone daktari.

Ya pili ni finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kwa siku. Hii inakizuia kile kimeng'enya, na DHT ya kwenye damu inashuka kwa karibu theluthi mbili. Hiyo usinunue bila daktari. Wanaume wachache hupungukiwa hamu au nguvu za tendo la ndoa, wengine hupata huzuni, na wapo wanaosema hali hiyo iliendelea hata baada ya kuacha. Kwa bwana harusi mtarajiwa, hilo ni la kuzungumza na mchumba kabla ya kumeza. Na usije ukakata vipande vile vya miligramu 5 vya wazee wa tezi dume kwa ushauri wa kijiweni.

Kopo la elfu arobaini lina maandishi gani? Kama halina jina la dawa, kiwanda wala tarehe ya kuisha, humo mnaweza kuwa na chochote. Na nisijifanye mwerevu. Nikiwa na miaka 29, mfamasia kamili mwenye cheti ukutani, nilisugua kitunguu saumu kibichi na pilipili kichwani usiku kucha kwa sababu jirani aliapa. Asubuhi malengelenge. Siku hiyo nilikuwa na safari ya ukweni Ukerewe, nikapanda meli kwenda Nansio bila kofia, maana haikaliki, na jua la ziwani likamalizia kazi. Baba mkwe alinitazama kwa muda, kisha akaulizia bei ya sangara mjini.

Piko endelea nayo ukipenda, lakini rangi nyeusi zinaweza kuvimbisha uso. Jaribu kidogo nyuma ya sikio, ngoja siku mbili, na usijaribu chapa mpya wiki ya harusi. Mimi ningekushauri mashine namba moja kichwa kizima. Pembe zikiwa fupi sawa na kwingine hazipigi kelele. Na kofia vaa, ngozi ya kipara inaungua.

Shikamoo baba. Nina mimba ya miezi minne. Nimekuta vidonge vya finasteridi kwenye mfuko wa shati la mume wangu, kimoja kimevunjika. Kuna hatari?
Mama Kijacho, Nyegezi

Marahaba mwanangu. Kidonge kizima kimefunikwa ngozi yake, ukikigusa hakina neno. Kilichovunjika usikishike, maana dawa hii ikiingia mwilini mwa mjamzito inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Kama ulikishika, nawa kwa sabuni, na umweleze mkunga siku ya kliniki ili ajue. Kinachopita kwenye mbegu za mumeo ni kidogo mno, hakijaonekana kudhuru mimba. Yeye asichangie damu mpaka apite mwezi mmoja tangu aache dawa, kwa sababu damu hiyo inaweza kuongezewa mjamzito. Na akifika umri wa kupima tezi dume, amwambie daktari anameza nini, kwani kipimo chake cha damu kiitwacho PSA hushuka karibu nusu na kikamdanganya anayekisoma.

Shati lake afue mwenyewe.